Upana wa Sikio

Asubuhi ambayo kipimo cha Bukuru kilisoma tatu, Tulinagwe alikirudia mara mbili, kisha akaizima mashine na kuiwasha upya. Tatu ikabaki tatu. Bukuru alikuwa ameketi mbele yake kwenye kiti cha chuma, mikono imelala mapajani, macho ameyafumba nusu. Hakuuliza amepata ngapi. Miezi minne iliyopita alikuwa akiuliza kila wiki, akichungulia kioo cha mashine kama mwanafunzi anayechungulia ubao wa matokeo.

Tulinagwe aliandika ile tatu kwenye daftari la kituo. Chini yake aliandika tarehe, na chini ya tarehe akaandika: hawezi kupanda.

Kituo kilikuwa kimeng'ang'ania ubavu wa mwamba ndani ya Ziwa Tanganyika, mita mia mbili na themanini chini ya mawimbi. Watu kumi na wawili waliishi humo kwa zamu za miezi sita, wakitunza mabomba yaliyovuta maji baridi ya kilindini na kuyapeleka juu kuipoza miji ya mwambao, ambayo joto la miaka hii lilikuwa limeigeuza tanuri. Mita mia mbili na themanini si kitu. Ni mwendo wa kutoka nyumbani kwenda dukani kununua chumvi. Lakini hewa ya kituoni ilikuwa imegandamizwa ilingane na uzito wa maji ya nje, ili wazamiaji watoke na kuingia bila kuumia, na mwili uliozoea hewa hiyo ukipandishwa ghafla, damu hufoka mapovu kama soda iliyotikiswa. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa moja tu: chumba cha kupandia, pipa la chuma lenye vitanda vinne, ambamo mtu alifungiwa siku kumi na moja huku mgandamizo ukipunguzwa kidogo kidogo, saa baada ya saa.

Na humo ndani hapakuwa na Mlezi.

Kila mkazi wa kituo alivaa visikizi viwili vidogo, na ndani ya visikizi ndimo alimoishi Mlezi, programu ya kompyuta ya kituo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunyoosha sauti, kwa sababu hewa ya kilindini huchanganywa na gesi nyepesi ya heli, na katika heli mtu mzima huongea kama bata. Kazi ya pili ilikuwa kutuliza. Alisikiliza mapigo ya moyo wa mvaaji, akampigia muziki, akaona ni upi uliompoza, akaurudia. Ule uliomshtua aliuondoa. Siku baada ya siku alichuja, na hakuna aliyelalamika, maana nani hulalamika akipewa akipendacho? Ila sikio lisilokutana na kigeni husahau namna ya kukipokea. Baada ya miezi kadhaa, watu waliokuja na rumba, kwaya, taarabu na bongofleva walikuwa wamebakiwa na nyimbo kumi, kisha tano. Ukiwapigia kingine, jasho liliwatoka na matumbo yakawavuruga.

Katika chumba cha kupandia visikizi vilivuliwa, kwa kuwa hewa iliyojificha ndani yake ingepanuka na kupasua ngoma ya sikio. Watu wanne walikaa humo masikio wazi, pamoja na sauti za bata na spika moja ya ukutani waliyoisikiliza wote. Mwaka uliotangulia, fundi mmoja aitwaye Mlewa aliingia humo akiwa na upana wa nne, yaani aina nne tu za muziki ambazo sikio lake lilizivumilia. Siku ya tatu alishika gurudumu la mlango akaanza kulizungusha. Wenzake walimlalia kwa zamu siku nane zilizobaki, na wote wanne walifika juu hai, lakini hakuna hata mmoja aliyerudi kazini. Tangu hapo sheria ikawekwa: asiyefika kumi hapandi.

Bukuru alikuwa amekaa chini miezi kumi. Mkewe, Nyamwiza, alikuwa amejifungua mtoto wa kike ambaye Bukuru alimjua kwa picha tu.

Wiki hiyo hiyo ilitoka habari kwamba safari ijayo ya chumba, wiki sita mbele, ingekuwa ya mwisho kwa muda. Muhuri wa mlango ulikuwa umechakaa, na chumba kingepelekwa juu kutengenezwa. Kingerudi mwakani, pengine katikati ya mwaka. Jina la Tulinagwe lilikuwa kwenye orodha ya watakaopanda. Zamu yake ilikuwa imekwisha, na kipimo chake, kwa sababu ya kazi yake ya fundi wa sauti ya kusikiliza kila kitu kila siku, kilikuwa arobaini na moja.

Alimfuata Bukuru kwenye chumba cha kukaushia mavazi na kumweleza wazo lake. Mlezi alikuwa amembakishia Bukuru kitu kimoja hasa: muziki wa gemu ya zamani ya video, nota saba zilizozunguka na kuzunguka, zimepigwa na kinanda cha kompyuta chenye sauti nyembamba kama ya mbu. Tulinagwe alitaka kuushika huo huo muziki na kuutengeneza upya, kwa rimiksi. Angeacha nota saba zilivyo, azivishe nguo nyingine pole pole, mpaka sikio la Bukuru lizifuate hadi mahali ambapo lisingekwenda peke yake.

Bukuru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Akamsimulia, kwa mara ya kwanza, muziki ule ulikotoka. Huko Ujiji, yeye na mdogo wake Gwimo walikuwa wakicheza gemu hiyo katika kibanda kimoja nyuma ya soko, kijitu kikiruka kutoka paa hadi paa juu ya mji uliofurika. Gwimo alikuwa hodari, yeye hakuwa. Gwimo alifariki akiwa na miaka kumi na tisa kwa homa ya siku mbili. Bukuru alisema kwamba nota zile zikianza, bega lake la kushoto hupata joto, kwa sababu Gwimo alipenda kumwegemea upande huo.

"Ukiugusa utakuwa umemgusa yeye," alisema. "Niahidi hutaugusa, Tuli."

Tulinagwe aliahidi. Alisema "Naahidi, kaka," na alipokuwa akiyatamka maneno hayo alikuwa akiyaamini.

Ahadi hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano barua zilishuka kutoka juu, na katika ya Bukuru mlikuwa na picha ya mtoto amesimama dede, ameshikilia kiti. Bukuru aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni, akafumba macho na kurudi kwenye nota zake saba. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Tulinagwe, aliyekuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa meza, alihisi kuta za kituo zimesogea. Akajiambia kwamba mtu huyu hatapanda safari hii, na mwakani hatataka tena kupanda.

Alianza asubuhi iliyofuata, kupitia vyombo vya Mlezi alivyovisimamia. Wiki ya kwanza hakuongeza kitu ila kofi moja la mikono baada ya nota ya nne, hafifu, kama mtu apigaye kofi chumba cha pili. Kipimo kilibaki tatu, lakini hakikushuka. Wiki ya pili akatia besi. Bukuru alianza kutikisa mguu akila, na kipimo kikasoma nne.

Akaingiwa na haraka. Alipiga hesabu ya siku zilizobaki akaona hazitoshi, na siku ya kumi na moja akazitoa nota tatu za mwisho kwenye kile kinanda chembamba akazikabidhi kwa zeze. Bukuru alikuwa majini wakati huo, mita arobaini kutoka mlangoni, amefunga kamba yake kwenye bomba. Kwenye kioo cha Tulinagwe mapigo yake yaliruka kutoka sabini hadi mia na hamsini. Kamera ya nje ilimwonyesha ameukumbatia mkono wa bomba kwa mikono na miguu, hasogei, na mapovu ya pumzi yake yakitoka kwa kufuatana bila nafasi. Tulinagwe alirudisha muziki wa zamani kwa vidole vilivyokuwa vikikosea vitufe. Ilichukua sekunde tisa. Mapigo yakashuka. Baadaye Bukuru alieleza kwamba maji yalimwingia baridi ghafla, akadhani vazi limetoboka; wakalikagua vazi lote, na Tulinagwe akawashikia taa.

Alirudi kwenye mashine yake. Akaendelea, ila taratibu zaidi.

Wiki ya tatu zeze liliingia nota moja kwa siku. Wiki ya nne nota saba zilihamia kwenye gitaa la mtindo wa dansi, tarumbeta zikajibu kwa nyuma. Kipimo kikasoma sita, kisha tisa. Wiki ya tano wimbo wenyewe ulikuwa umezama chini kabisa, kwenye besi, na juu yake fidla zilikuwa zikilia kitaarabu. Anayejua cha kutafuta ndiye angeusikia.

Kilichomshangaza Tulinagwe ni kwamba sikio lililofunguliwa mlango mmoja lilianza kufungua mingine lenyewe. Bi. Saumu, mpishi, alikuwa na kispika kidogo alichokipiga jikoni kinyume cha kanuni, na wengine walipita pale wakiziba masikio. Siku moja Bukuru alisimama mlangoni pa jiko na sahani tupu mkononi, akamwuliza mwimbaji ni nani. Siku iliyofuata alimwomba mzamiaji mwenzake amsikilizishe kwaya ya kwao. Alianza kuongea mezani. Aliitoa picha ya mtoto mfukoni akaibandika juu ya kitanda chake. Kipimo kilipofika kumi na tatu, alisimama kitini akamkumbatia Tulinagwe, akacheka, akasema sijui nimefanya nini safari hii lakini Mungu amenisikia.

Tulinagwe alicheka naye. Usingizi ulikuwa umemwisha siku nyingi.

Siku mbili kabla ya kupanda zililetwa fomu. Bi. Adventina, msimamizi wa kituo, alizigawa mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza kidogo na kuona mengi. Alipoifikia fomu ya Bukuru aliiweka mezani kwa Tulinagwe na kuweka kidole juu ya swali la tisa. Swali lilisema: *Je, mabadiliko ya usikivu wako yamefanyika kwa ridhaa yako?* Lilitungwa baada ya mkasa wa Mlewa, kumlinda mtu asichezewe sikio, na adhabu yake ilijulikana. Jibu likiwa hapana, fundi aliyehusika hapandi mpaka uchunguzi umalizike, na wachunguzi wangeshuka kwa chumba hicho hicho, mwakani.

Bi. Adventina alisema kwamba amezitazama kumbukumbu za Mlezi na hahitaji kuelezwa. Alisema Bukuru ana furaha, ana mtoto, atajaza ndiyo kwa nia njema, na karatasi itaingia kwenye faili. Hakuna atakayeumia.

"Lakini atakuwa hajui anachokitia sahihi," alisema Tulinagwe.

"Watu wangapi wanajua?" Bi. Adventina aliuliza, akaondoka akiiacha fomu pale.

Tulinagwe alikaa nayo mchana mzima. Alikuwa na mama yake huko Tukuyu aliyemhesabia siku. Alijaribu kujishawishi kwamba kunyamaza kulikuwa kwa faida ya Bukuru, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, na hicho kiasi ndicho kilichomtesa. Alikuwa amemfungulia mtu jela akiwa amelala. Sasa alitaka aamke nje, aamini ametoka kwa miguu yake. Mlezi naye, alipofikiri vizuri, hakuwa amefanya zaidi ya hilo: alimpeleka mtu mahali bila kumwambia, kwa faida yake.

Alimkuta Bukuru akikunja nguo. Akamwambia yote, kuanzia kofi la kwanza, bila kuruka siku ya zeze wala zile sekunde tisa.

Bukuru aliendelea kukunja shati moja kwa muda mrefu. Kisha akaomba apigiwe muziki wenyewe, ule wa awali, usioguswa. Tulinagwe aliuweka. Nota saba zikazunguka, nyembamba, kama mbu. Bukuru aliketi kitandani, akafumba macho, bega la kushoto ameliinua kidogo kama mtu anayengoja kuguswa. Zikazunguka mara ishirini, mara thelathini. Akafumbua macho.

"Ni muziki wa gemu," alisema.

Tulinagwe aliuzima muziki.

"Nilikuwa naye kila siku, Tuli. Sasa nasikia kinanda kibovu tu. Nasikia pale ambapo fidla ingefaa kuingia." Sauti yake haikupanda. "Umenipa dunia nzima, na sikukuomba. Nilikuomba jambo moja."

Akasema mengine, mengi, ambayo Tulinagwe aliyasikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Mwishowe Bukuru alimwomba atoke.

Asubuhi ya safari fomu zilikusanywa kwenye meza ya kulia. Bukuru alikuwa amejaza yake kwa herufi kubwa. Kwenye swali la tisa aliandika *Hapana*. Chini yake, mahali pa maelezo, aliandika: *Nilimkataza. Alifanya. Sasa nasikia vizuri na nataka kwenda nyumbani. Yote matatu ni kweli.* Bi. Adventina aliisoma, akaisoma tena, akamtazama Tulinagwe, ambaye tayari alikuwa ameanza kuufungua mkoba wake wa safari na kurudisha vitu kabatini, soksi kwa soksi.

Watu watatu waliingia chumbani badala ya wanne. Bukuru alipita mbele ya Tulinagwe bila kusimama, akavua visikizi vyake, akavitia mkononi mwa Tulinagwe. Vilikuwa bado na joto la masikio. Gurudumu la mlango likazungushwa kwa ndani, muhuri uliochakaa ukalia, kisha ukanyamaza, na sindano ya mgandamizo ikaanza safari yake ya siku kumi na moja.

Siku zilizofuata zilikuwa na urefu wa ajabu. Kituo kilikuwa kile kile, hatua sitini kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na Tulinagwe alizihesabu. Aliondolewa kwenye vyombo vya Mlezi, akapewa kazi moja tu: kuhudumia spika ya chumba cha kupandia na simu yake. Aliandika barua kwa mama yake, akaichana, akaandika nyingine fupi zaidi. Mlezi, ndani ya visikizi vyake, alikwisha tambua huzuni yake na kuanza kumpigia vitu laini. Akavivua akavitia kwenye droo, akaishi na sauti za bata. Alipoongea peke yake alijisikia kichekesho, na hakucheka.

Siku ya sita simu ya chumba ililia. Waliomo ndani walikuwa wamegombana. Kila mmoja alikuwa amechoshwa na vilivyokuwa kwenye orodha ya spika, na mmoja wao, kijana wa mabomba mwenye upana wa kumi na moja, alikuwa ameketi tangu asubuhi akiutazama mlango. Mzamiaji mwingine ndiye aliyeanza kueleza haya, kisha simu ikachukuliwa kutoka mkononi mwake. Mashine ya upande wa Tulinagwe ilinyoosha sauti, na sauti ikawa ya Bukuru.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, kaka."

"Sijui kama nitakusamehe." Nyuma yake ilisikika pampu ikivuta. "Huyu kijana anahitaji kitu kipya, na vyetu vimekwisha. Tafuta ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia. Lakini uniambie kwanza ni nini. Niwaulize wenzangu, halafu nikujibu."

Tulinagwe alivuta kiti akaketi. Akamweleza kwamba anao wimbo wa wanawake wa kwao, wanaouimba wakichuma chai, alioukusanya mwenyewe mlimani kabla ya kushuka ziwani. Hauna ala yoyote, ni sauti tupu. Wa kwanza anaanza, wa pili anamfuata, na wa tatu anaingia kama amekosea, mpaka umzoee. Ni mgumu mwanzoni. Una dakika nne.

Kule ndani Bukuru aliyarudia maneno hayo kwa wenzake, moja moja, pamoja na lile la ugumu. Wakajadiliana. Mmoja aliuliza kama unaweza kukatizwa katikati, na Tulinagwe akasema unaweza, wakati wowote, waseme tu. Wakajadiliana tena. Kijana wa mabomba aliulizwa peke yake, na jibu lake lilichukua muda kufika.

Tulinagwe alingoja, kidole kikiwa juu ya kitufe, hakijakigusa.

"Haya," Bukuru alisema. "Tumekubali. Weka."